Nyumba ya Ufaransa inatumezea safari yetu ya Tour

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na mume wangu yuko sebuleni anazungumza na mkandarasi kwa simu. Mume wangu ni Mfaransa. Alirithi nyumba ya bibi yake, mzaa mama. Ni nyumba ya mawe, ya zamani sana, katika bonde la Oisans kwenye milima ya Alps, karibu na mji wa Bourg d'Oisans. Haijakaliwa kwa miaka mingi. Madirisha yameoza, nyaya za umeme ni za enzi za bibi, bafu limechoka, na ukuta wa kaskazini una unyevu uliopanda hadi kiunoni. Tunaipenda nyumba hii na tumeiwekea akiba.

Mwaka huu wa 2026 mbio za baiskeli za Tour de France zinapanda Alpe d'Huez, mlima ulio juu ya mji huohuo. Mwanangu wa kiume ana miaka 12 na hana wimbo mwingine ila mwendeshaji baiskeli Biniam Girmay wa Eritrea. Binti yangu ana miaka 7. Yeye anazitaka zile zawadi zinazorushwa kutoka kwenye magari. Baba yangu, ambaye ana miaka 71 na aliendesha baiskeli za mashindano ujanani, atasafiri nasi kwa mara ya kwanza. Tiketi za ndege tumeshakata: tunafika tarehe 11 Julai na kuondoka tarehe 28.

Sasa mume wangu anasema, maadamu tutakuwa huko, ukarabati ufanyike siku hizohizo naye asimamie mwenyewe. Mkandarasi ameahidi kuanza Jumatatu tarehe 13 na kumaliza kabla hatujaondoka: madirisha yote mapya, umeme, bafu, na kuta za mawe zipigwe plasta ya saruji. Sisi tutalala humohumo, tukihama chumba hadi chumba, ili tuokoe pesa za hoteli. Mkandarasi anataka nusu ya malipo kabla hajaanza. Anasema pia kwamba serikali itaturudishia sehemu ya gharama za madirisha. Makadirio aliyotutumia ni ujumbe wa simu wenye jumla moja tu chini. Vigae na sinki mume wangu anataka tununue wenyewe, eti itakuwa rahisi zaidi.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka juzi tulipanda mlima Galibier kuwatazama waendeshaji wa Tour. Siku moja kabla, Girmay alikuwa ameshinda hatua, yaani mbio za siku moja, iliyoishia Turin, na mwanangu hakulala kwa furaha. Viongozi walipopita tu, mume wangu alitazama saa akasema tushuke upesi, fundi wa paa anamngoja nyumbani. Kundi la nyuma, ambamo Girmay alikuwamo, lilipita sisi tukiwa kwenye njia ya mkato ya malishoni. Tulisikia kelele tu. Mtoto hakulia. Alinyamaza mpaka kesho yake, na tangu siku hiyo baba yake akitaja ile nyumba, yeye hutoka chumbani.

Mama mkwe anasema tuache mbio, nyumba inaporomoka. Dada yangu anasema tuiuze. Je, Shangazi, mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja? Na nimwambieje mume wangu asije akadhani naidharau nyumba ya bibi yake?

Mama wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mvutano huo, na hongereni kwa nyumba.

Yanaweza kwenda pamoja, ila si kwa mpango wa huyo mkandarasi. Julai msijenge. Julai mpime, mwamue, msaini, kisha muitazame Tour mpaka baiskeli ya mwisho. Nyundo zianze katikati ya Septemba. Sisemi hivi ili kumpendeza mtoto, ingawa mtoto ana haki yake na nitaifikia. Nasema hivi kwa sababu nimeitazama kalenda yenu na mpango wa Julai umeshavunjika kabla haujaanza.

Hebu itazame nawe. Jumanne tarehe 14 Julai ni sikukuu ya taifa la Ufaransa. Sikukuu ikiangukia Jumanne, Wafaransa wengi huiunganisha na Jumatatu yake wakapumzika siku nne mfululizo. Hiyo Jumatatu ndiyo siku ambayo mkandarasi amewaahidi kuanza. Ijumaa tarehe 24 Tour inapanda kona 21 za Alpe d'Huez, na Jumamosi tarehe 25 hatua inayofuata inaanzia palepale Bourg d'Oisans. Bonde lenu linategemea barabara kuu moja, ile ya kutoka Grenoble kwenda Briançon. Siku za mbio barabara hufungwa saa nyingi kabla ya waendeshaji kufika, na watazamaji wenye magari ya kulala huanza kujaza kando za mlima siku kadhaa mapema. Lori la mchanga litapita wapi? Gari lenye vioo vya madirisha litageuzia wapi? Ukitoa siku hizo na wikendi, zinabaki siku chache za kazi kwa madirisha, umeme, bafu na kuta. Hakuna fundi wa kweli atakayekamilisha hayo yote katika muda huo. Na Agosti ikiingia, mafundi wengi wa Ufaransa hufunga shughuli kwa wiki mbili au tatu. Kitakachoachwa wazi tarehe 28 Julai kitabaki wazi, nanyi mtakuwa mmeshapanda ndege.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja, na kimya hicho kinanitia wasiwasi. Ufaransa huwezi kubadilisha sura ya nje ya nyumba, madirisha yakiwemo, bila kupeleka taarifa kwenye ofisi ya meya. Wenyewe huiita déclaration préalable. Ofisi ina mwezi mmoja wa kujibu, na muda huo huwa miezi miwili ikiwa nyumba iko katika eneo la jengo la kihistoria linalolindwa, kwa sababu hapo mbunifu wa serikali lazima atoe maoni yake. Anaweza hata kuamua aina ya mbao na rangi ya fremu. Muulize mume wako leo kama taarifa hiyo imepelekwa. Mkandarasi anayeahidi madirisha mapya bila kuitaja ama hajui kazi yake au anajua kwamba ikiharibika atakayeitwa ni mwenye nyumba.

Taarifa hiyo inaweza kutumwa kwa mtandao, hivyo hamna haja ya kungoja mfike. Ikipelekwa sasa, mwezi Mei, jibu litakuwa limetoka mkitua. Mkishafika mtabandika kibao cha kibali mahali kinapoonekana kutoka barabarani, na kuanzia siku hiyo majirani wana miezi miwili ya kupinga. Hesabu kutoka katikati ya Julai: inakupeleka katikati ya Septemba. Mafundi watakuwa wamerudi likizo, watalii wameondoka, barabara iko wazi, na hakuna jirani atakayewasimamisha njiani.

Sasa ule ukuta. Hapa naomba mume wako asome mwenyewe. Kuta za mawe za zamani zilijengwa kwa chokaa, nazo hunyonya unyevu kisha huutoa polepole kupitia chokaa hiyohiyo. Ukizifunga kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Hupanda juu zaidi, yakatokeza mahali pengine, na baridi kali ya milimani ikija, maji yaliyonaswa huganda, hupanuka, na kubandua uso wa ukuta. Mkandarasi anayependekeza saruji kwenye ukuta wenye unyevu hadi kiunoni anawauzia tatizo kubwa kuliko mlilo nalo. Kwanza itafutwe asili ya maji: mfereji wa paa uliopasuka, au udongo wa nje uliojaa mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Hayo yarekebishwe, ukuta uachwe ukauke, ndipo ipigwe lipu ya chokaa. Chokaa nayo haipatani na barafu. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 5, fundi mzuri huweka mwiko chini. Kwa hiyo kazi za nje za ukuta ni za Septemba na Oktoba, na umeme na bafu vinaweza kufuata ndani wakati wa baridi. Ukuta usipokauka kwa wakati, ungoje majira ya kuchipua. Umesimama miaka yote hiyo. Majira mengine mawili hayataukosesha kitu.

Kuhusu kulala ndani ya nyumba huku inabomolewa, jibu langu ni hapana, na hapa sibembelezi. Sheria ya Ufaransa inazihesabu nyumba zilizojengwa kabla ya 1949 kuwa na uwezekano wa rangi yenye risasi, yaani lile madini. Asbesto ilipigwa marufuku huko mwaka 1997, hivyo chochote kilichowekwa kabla ya hapo, vigae vya sakafu, mabomba, karatasi za paa, kinaweza kuwa nayo. Fremu kuukuu zikikwanguliwa na kung'olewa, vumbi hulala kwenye godoro, kwenye sahani, kwenye vidole vya mtoto wa miaka 7. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtafuteni mkaguzi aliyeidhinishwa aje Julai kupima risasi na asbesto kabla fundi hajagusa kitu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja au mbili, na ripoti yake ndiyo itakayowaambia mafundi wavae nini na wasikate nini.

Pangeni nyumba nyingine kwa sehemu kubwa ya safari, na mpange sasa, kwa sababu wiki ile bonde zima litajaa. Ila kwa usiku wa tarehe 23 na 24 nyumba ya bibi itawafaa kuliko hoteli yoyote, kwa kuwa mtakuwa ndani ya eneo la mbio kabla barabara haijafungwa. Fundi umeme akague kwanza, mchague chumba ambacho rangi yake haijabanduka, mpige deki kwa kitambaa chenye maji bila kukwangua chochote, mtandike magodoro. Binti yako atalala palipolala bibi zake, na baba yako hatalazimika kukesha barabarani.

Pesa. Nusu ya malipo kabla ya kuanza ni nyingi mno. Mimi nisingevuka theluthi, na hiyo theluthi nisingeitoa kwa ujumbe wa simu. Dai makadirio ya maandishi, devis, yenye kila kazi na bei yake, vipimo, vifaa, kodi, tarehe ya kuanza na muda wa kumaliza. Iwe na namba ya kampuni iitwayo SIRET, yenye tarakimu 14. Iwe pia na jina la kampuni ya bima iliyomkatia mkandarasi bima ya miaka kumi. Hii bima ililetwa na sheria ya 1978, na mkandarasi analazimika kukuonyesha cheti chake kabla hajafungua kazi. Inalipia kasoro kubwa, zile zinazotikisa jengo au kulifanya lisikalike, kwa miaka 10 tangu siku mliyopokea kazi. Kisomeni cheti hadi mwisho: bima huandikwa kwa aina ya kazi, na aliyekatiwa ya paa hajakatiwa ya mabomba. Kisha mume wako apige simu kwa kampuni ya bima kuthibitisha kwamba cheti ni hai. Ni simu fupi sana ukilinganisha na hizo anazopiga sebuleni kila usiku.

Ahadi ya kwamba serikali itarudisha gharama za madirisha ndiyo iliyonifanya nimtilie shaka huyo bwana kabisa. Msaada mkuu wa serikali kwa ukarabati, MaPrimeRénov', ni kwa nyumba ambayo mtu anaishi kama makazi yake makuu. Yenu ni ya likizo. Ama hakuuliza mnaishi wapi, au aliuliza akanyamaza.

Na vigae msinunue wenyewe bila kupiga hesabu ya kodi. Nyumba ikiwa imemaliza miaka miwili tangu kujengwa, kazi za ukarabati pamoja na vifaa anavyoleta mkandarasi hutozwa kodi ya asilimia 10. Vifaa unavyonunua mwenyewe dukani hutozwa asilimia 20. Kwa kila yuro 10,000 ni tofauti ya yuro 1,000. Tena vigae vikipasuka, mkandarasi atasema ni vyenu, na duka litasema fundi ndiye aliyekosea.

Sasa nije kwenye hofu ya mume wako, maana naielewa. Anataka kusimamia kwa macho yake. Mtu mwenye nyumba mbali huishi na picha kichwani ya mafundi waliokaa kivulini wakinywa kahawa kwa pesa yake. Lakini kusimama nyuma ya mwashi siku nzima hakumfanyi mwashi awe mwaminifu. Macho ya mwenye nyumba yanahitajika mara tatu. Ya kwanza ni wakati wa kukubaliana, mkiwa ndani ya nyumba na karatasi mkononi, mkiamua soketi ikae wapi na bomba lipite wapi. Ya pili ni kabla kuta na sakafu hazijafungwa, nyaya na mabomba yakiwa bado yanaonekana, kwa sababu kosa lililofunikwa hugharimu mara mbili kulifunua. Ya tatu ni siku ya kupokea kazi.

Ya kwanza ndiyo kazi yenu ya Julai. Tengeni asubuhi za Jumatano tarehe 15, Alhamisi tarehe 16, na Jumatatu na Jumanne tarehe 20 na 21. Waiteni wakandarasi wawili au watatu, kila mmoja kwa asubuhi yake. Saa sita mchana mnafunga mlango mnaondoka, awe amemaliza kusema au hajamaliza. Kabla ya hapo ombeni miadi katika ofisi ya CAUE ya Isère, jimbo lenye bonde lenu, ambako wabunifu majengo hutoa ushauri bure kwa watu wenye nyumba kama yenu, na ADIL ya jimbo hilohilo, ambayo hueleza sheria za nyumba na mikataba bila malipo. Nendeni huko na picha za ule ukuta.

Kwa ya pili, mume wako asafiri peke yake siku chache, nyaya na mabomba yakiwa bado wazi. Apige picha kila ukuta ulio wazi, na futi ya kupimia iwe imenyooshwa ndani ya picha, ili miaka ijayo mkitaka kutundika rafu mjue msitoboe wapi. Kama hawezi kwenda, mlipeni msimamizi wa ujenzi asiye mtu wa mkandarasi. Na ya tatu ni kupokea kazi kwa hati, wenyewe huita procès-verbal de réception. Kila kasoro inayoonekana iandikwe humo siku hiyo, kwa sababu dhamana zote huanza kuhesabiwa hapo: mwaka mmoja wa mkandarasi kurudi kurekebisha kasoro zote zilizotajwa, miaka miwili kwa vitu vinavyoweza kutolewa bila kubomoa, na kumi kwa yale makubwa. Sheria inawaruhusu pia, mkiliandika kwenye mkataba tangu mwanzo, kuzuia hadi asilimia 5 ya malipo mpaka kasoro zirekebishwe. Baina ya mara hizo tatu, picha za kila Ijumaa kwa simu zinatosha.

Sasa Alpe d'Huez, ambayo nakiri naipenda mno. Kutoka mjini hadi kileleni ni kilomita 13.8, na kona zimepewa namba kuanzia 21 chini hadi 1 juu. Kila kona ina kibao chenye jina la aliyewahi kushinda pale, tangu Fausto Coppi mwaka 1952. Kwa baba yako msitafute kona za juu. Kilomita za mwanzo ndizo zenye mwinuko mkali kuliko nyingi za juu, hivyo hata hapo chini mtawaona waendeshaji wakisimama juu ya pedali, nyuso wazi, karibu kabisa. Chukueni kiti cha kukunja, maji mengi, kofia, na koti la mvua hata kama anga ni jeupe. Msafara wa magari ya matangazo, ulioanza mwaka 1930, hutangulia mbio kwa takriban saa mbili. Huyo binti yako mwekeni mbele lakini mshikeni mkono, kwa sababu watoto hukimbilia vitu vilivyoanguka katikati ya barabara.

Na Girmay. Mweleze mwanao mapema kwamba timu hutaja majina karibu na kuanza kwa mbio, asije akavunjika moyo bila kujua sababu. Akiwemo, yeye ni mtu wa kumalizia mbio kwa kasi, na siku ya mlima wa aina hii wenzake wa fani hiyo hupanda nyuma kwa kundi, wakilinda nguvu huku wakihesabu muda wa mwisho unaoruhusiwa. Ndivyo mtu anavyobaki kwenye mbio za wiki tatu mpaka zifike mahali anapoweza kushinda. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024: huyohuyo wa kundi la nyuma alimaliza na ushindi wa hatua tatu na jezi ya kijani, ile ya anayekusanya pointi nyingi kuliko wote. Kwa hiyo Ijumaa ile viongozi watapita, watu wengi wataanza kukunja viti, na nyinyi mtabaki. Nyuma ya wote huja gari la kufagia, linalomfuata mwendeshaji wa mwisho. Mpaka hilo lipite, hakuna anayesogea. Kesho yake asubuhi mpelekeni mjini mapema kwenye mwanzo wa hatua, ambako mabasi ya timu huegeshwa na waendeshaji hupita mmoja mmoja kwenda kutia saini jukwaani. Hapo mtoto humwona shujaa wake akiwa ametulia, bila jasho, umbali wa hatua chache.

Kwa mume wako, usianze na pesa wala na mkandarasi. Anza na Galibier. Nadhani hajui kwamba mtoto hutoka chumbani nyumba inapotajwa. Baba akiwa na simu sikioni huyakosa mambo kama hayo. Mwambie mkiwa wawili, pasipo mama mkwe: "Nataka mwanetu aipende nyumba ya bibi yako kama unavyoipenda. Sasa hivi anaiona kama kitu kilichomnyang'anya siku yake. Nisaidie tumrudishie." Halafu mwonyeshe kalenda niliyokuandikia, na umwachie yeye amwahidi mtoto kwa kinywa chake kwamba watalisubiri lile gari la kufagia pamoja. Usimwahidi wewe kwa niaba yake. Mkandarasi yeyote mtakayemchagua aambiwe mapema kwamba tarehe 24 na 25 simu haitapokelewa.

Mama mkwe msimpuuze. Nyumba hiyo ni ya mama yake, na anaposema inaporomoka anasema kwa uchungu. Tena anajua mambo ambayo hakuna mkaguzi atayaona: maji yalikuwa yakiingia wapi theluji ikiyeyuka, bomba la kale linapita chini ya chumba gani, ni ukuta upi ulijengwa baadaye. Mpigieni simu ya video mkiwa ndani ya nyumba, mmtembeze chumba kwa chumba, na mwanao aandike anayosema. Fundi atazihitaji habari hizo.

Dada yako amesikika. Uamuzi wa kuuza haufanywi kwa sababu ya Julai moja mbaya.

Mkandarasi wa sasa akisema Septemba hana nafasi, msirudi kwenye Julai yake. Mafundi wazuri wa milimani hujaza ratiba mapema, na huenda mkaambiwa mngoje hadi Aprili. Ngojeni. Mtakachofanya kabla ya baridi ni kuzibua mifereji ya paa, kuondoa udongo uliolundikana dhidi ya ukuta wa kaskazini, na kufunga maji kwenye valvu kuu na kuyamwaga kwenye mabomba yasije yakapasuka kwa barafu. Mwiteni pia mtu wa bima ya nyumba mumweleze kwamba kuna ukarabati unaokuja na kwamba nyumba haikaliwi.

Anzeni na ile taarifa ya ofisi ya meya, wiki hii. Nyumba ya kupanga ifuate kesho yake, maana hiyo ndiyo itakayoisha haraka.